Mbio ndefu zinapoharibika katikati: dalili, sababu na tiba kwa wacheza gemu wa nyanda za juu kusini

Miaka niliyokaa na banda la gemu Mwanjelwa, Mbeya, imenifundisha kwamba malalamiko ya mbio ndefu za magari kwenye gemu ni yaleyale. Mtu akianza, "Kaka, nilikuwa naongoza...", najua kinachofuata ni giza, tairi kipara au mafuta yaliyoisha kona mbili kabla ya mstari. Mbio za mizunguko mitatu husamehe mengi. Za saa 1, saa 6 au saa 24 hazisamehi, kwa sababu kasoro ndogo inapata muda wa kukomaa. Hata wenye magari ya kweli yanawapata. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2016, Toyota iliyoendeshwa na Kazuki Nakajima ilikuwa inaongoza ikapoteza nguvu dakika chache kabla ya saa 24 kutimia, na ushindi ukaenda kwa Porsche.

Karibu kila anayenijia ameshabadilisha gari kabla hajaangalia soketi. Ndiyo maana nimeanza na mambo ya nje ya gemu, kisha gari, kisha wewe mwenyewe. Katika kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia. Usiruke hatua za mwanzo kwa kuziona ndogo.

Mashine inazimika ghafla

Angalia kwanza: taa ya chumbani nayo imezima? Jibu la swali hilo linakuonyesha njia ya kufuata.

Kama chumba kizima kimezima, mara nyingi ni uniti za LUKU zimeisha. Piga hesabu kabla ya kuanza. PS4 ikiwa kwenye mbio inakula takribani wati 150, TV ya inchi 32 takribani wati 50. Hizo ni wati 200, yaani uniti 1 kila saa 5. Mbio za saa 24 zinataka karibu uniti 5 kwa gemu peke yake, hujahesabu taa wala friji. Kwenye nyumba za kupanga zenye mita moja hesabu yako haitoshi. Nenda kwa mama mwenye nyumba au kwa mpangaji anayeshika zamu ya kununua umeme, umwamkie, umuulize zimebaki ngapi. Kijana mmoja wa Ilomba alipoteza mbio za saa 6 mara mbili kwa sababu hii moja, na mara zote mbili alilaumu mashine.

Kama mtaa mzima uko gizani, hakuna cha kutengeneza. Cha kufanya ni kujiandaa kwa mara nyingine. UPS ndogo, yaani boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, itakupa dakika chache tu, kwa hiyo jua mapema utazitumia kwa nini. Gemu za mfululizo wa F1 zinakuruhusu kuhifadhi katikati ya mbio. Hapo dakika tano ni mali. Gran Turismo 4 ya PS2, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo bado inachezwa kwenye mabanda mengi huku, ina mbio za saa 24 za Nürburgring na haihifadhi katikati. Kwa gemu ya namna hiyo UPS inakuvusha kwenye umeme unaokonyeza na kurudi, lakini haikuvushi kwenye katizo la saa tatu. Jambo jingine: kuiweka mashine kwenye hali ya mapumziko si kuhifadhi. Mashine iliyopumzishwa bado inakula umeme, na umeme ukikatika mbio zako zimekwenda.

Kama taa zinawaka na mashine tu ndiyo imezima, fuata hivi:

1. Sukuma plagi zote mbili mpaka mwisho, ya ukutani na ya nyuma ya mashine. Waya unaopita mlangoni hulegea kwa kuguswaguswa na miguu ya watu.
2. Chomoa plagi kwenye ekstensheni, kisha iguse. Ikiwa vuguvugu, si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kuurudisha mkono nyuma, ekstensheni hiyo haifai, na usiiokoe kwa kuifunga gundi.
3. Ondoa pasi, friji na hita kwenye ekstensheni ya gemu. Mashine na TV viwe peke yake.
4. Angalia saa tatizo linapotokea. Mbeya na Njombe kuna wakati maalumu: saa 11 hadi saa 1 asubuhi, kila nyumba imetumbukiza hita kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Balbu inafifia, inarudi, inafifia. Soma maandishi nyuma ya mashine yako. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia umeme kushuka polepole, lakini kushuka na kurudi kwa kishindo kunaweza kuizima. PS2 nyingi zimeandikwa 220 hadi 240, na hizo uvumilivu wake ni mdogo zaidi. Stebilaiza inasaidia hapa.

Halafu radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, ukisikia ngurumo, mbio zimeisha. Chomoa umeme, chomoa na waya wa antena au dishi, kwa sababu radi huingia kwa njia hiyo pia. Usisubiri mzunguko umalizike.

Simama hapa na umwite fundi umeme: ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona cheche au plagi iliyoyeyuka, au ukitetemeshwa na umeme kila unapogusa waya wa TV au bodi ya mashine. Zima swichi kuu kwanza. Moto ukishika, usimwage maji kwenye kitu chenye umeme. Toa watu nje na upige 114, Zimamoto. Na usifungue pawa saplai ya mashine hata kama umeichomoa, kwa sababu ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme baada ya kuchomolewa.

Feni inanguruma, picha inakwama baada ya saa moja

Dalili hii inamdanganya mtu kwa sababu mwanzoni kila kitu ni kizuri. Joto linahitaji muda.

Jioni moja mwezi wa saba niliitwa nyumbani kwa familia moja maeneo ya Soweto ya hapa Mbeya. PS4 yao ilikuwa inazima kila baada ya dakika 50, na walikuwa wameshaipeleka kwa mafundi wawili. Nilipoingia nikaona kabati la TV linang'aa, na juu ya kila kitu kuna kitambaa cha kufuma: juu ya TV, juu ya redio, na juu ya PS4 kimoja cheupe chenye maua ya waridi, kimekunjwa vizuri kikaning'inia mpaka nyuma. Nilikiinua. Tundu za kutolea hewa ya moto zilikuwa zimezibwa zote, na kitambaa chenyewe kimegeuka rangi ya chai pale hewa ilipokuwa inakipiga. Nikamwomba mama ruhusa ya kukiondoa, nikaivuta mashine mbele kiasi cha kiganja kimoja kutoka ukutani, kijana akacheza saa tatu. Haikuzima. Mama alikirudisha kitambaa kwenye redio.

Basi kwanza ni nafasi: kiganja kimoja nyuma na pembeni, pasiwe na kitambaa, pasiwe na droo iliyofungwa.

Pili ni vumbi. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, vumbi la huku linaingia kila mahali, na kwenye nyumba zilizo kando ya barabara ya lami linakuja pamoja na masizi ya malori. Zima mashine, chomoa, safisha tundu kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Na nawaomba sana, msiipeleke gereji ikapigwe upepo wa kujazia tairi. Upepo ule una maji na mafuta ya kompresa, na nguvu yake inaizungusha feni kuliko ilivyotengenezwa. Nimeona feni zilizovunjika mabawa kwa sababu hiyo.

Tatu, mwinuko. Watu hushangaa mashine inachemka wakati wao wenyewe wamevaa makoti. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile inabeba joto kidogo kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Baridi ya chumba inafidia sehemu tu. PS4 imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 5 hadi 35, na chumba chenye watu kumi na madirisha yaliyofungwa kinapanda haraka.

Ukishafanya yote hayo na bado inazima, huenda dawa ya joto iliyo kati ya chipu na chuma cha kupozea imekauka. Hapo ni kwa fundi. Ukijaribu mwenyewe kwa kuangalia video unaweza kung'oa nyaya nyembamba ambazo huzirudishi.

Jambo moja kwa wanaosafiri: ukitoa mashine kwenye basi la usiku kutoka Makete au Njombe na kuiingiza kwenye chumba chenye joto, usiiwashe. Umande hujitengeneza ndani yake kama unavyouona kwenye miwani. Iache saa mbili.

Tairi zinaisha kabla ya wenzako

Mizunguko mitatu ya kwanza ni safi, kwenye wa tano gari linaanza kugoma kukata kona, kwenye wa saba unapitwa na magari uliyoyaacha mbali. Hapa ndipo watu hubadilisha gari, na hapa ndipo ninapowazuia, maana gari jipya litakula tairi vilevile.

Kabla ya yote, soma ukurasa wa masharti ya shindano. Gemu nyingi zina kizidishio cha ulaji wa tairi na kizidishio cha ulaji wa mafuta. Mbio za saa 1 zenye kizidishio kikubwa zinaweza kula tairi kama mbio za nusu siku. Ukilijua hilo mapema, nusu ya malalamiko inaisha.

Kisha tazama picha ndogo ya tairi nne kwenye skrini. Imekuambia jibu.

*Za mbele zimeisha.* Hii ndiyo ya kawaida kwa wanaotumia pedi. Unaingia kona kwa kasi, gari linakwenda moja kwa moja, unasukuma kijiti mpaka mwisho. Tairi za mbele zinakuwa zimepinda kuliko zinavyoweza kushika, zinaburuzwa kama raba ya kufutia. Dawa: funga breki mapema kidogo, achia polepole wakati unaanza kukata, na usisukume kijiti zaidi ya pale gari linapoacha kuitikia. Ukisikia mlio mrefu wa tairi kila kona, kila mlio ni sehemu ya tairi imekwenda.

*Za nyuma zimeisha.* Unakanyaga mafuta mapema unapotoka kwenye kona. Toka na gia moja juu ya ile uliyozoea. Weka TCS, msaada wa kuzuia magurudumu kuteleza unapokanyaga mafuta, kwenye 1 au 2. Kwenye mbio ndefu si aibu. Na usishushe gia mbili kwa mpigo ukiwa unafunga breki, kwa sababu injini inazikaba tairi za nyuma ghafla.

*Za upande mmoja tu.* Huenda huna kosa. Viwanja vingi, Le Mans na Spa vikiwemo, vinazunguka kwa mwelekeo wa saa, kwa hiyo kona za kulia ni nyingi na tairi za kushoto zinabeba mzigo. Panga kituo chako cha kubadilisha tairi kwa kuangalia tairi iliyochoka kuliko zote, usichukue wastani.

Anayetaka kuelewa uendeshaji wa mbio ndefu akakae Kitonga nusu saa awaangalie madereva wa malori wanaoshuka. Dereva mzoefu anachagua gia ndogo akiwa bado juu, kabla mteremko haujamchukua, na breki anazigusa tu. Anayeshuka na gia kubwa akitegemea breki anafika chini moshi unatoka kwenye magurudumu, na kuna wasiofika. Mkono wa dereva yule wa kwanza ndio unaohitajika kwenye mzunguko wa 20: uamuzi wa kona ufanyike kabla ya kona.

Zoezi ninalowapa wote: tafuta muda wako bora wa mzunguko, ongeza sekunde moja, kisha kimbia mizunguko kumi mfululizo bila kutoka kwenye muda huo kwa zaidi ya nusu sekunde. Wengi wanashindwa mara ya kwanza, tena wanashindwa kwa kwenda haraka. Akiweza, tairi zinamdumu.

Aina ya tairi ni hesabu, usichague kwa kuonea wivu kasi ya jirani. Chukua mfano wa mbio za mizunguko 24. Tairi ngumu zinakuchelewesha sekunde moja kila mzunguko, jumla sekunde 24. Lakini zinakuokolea kituo kimoja, na kituo kinakula sekunde 35 ukihesabu kuingia na kutoka. Umepata faida ya sekunde 11. Fanya hesabu hiyo kwa namba zako za mazoezi.

Mwisho kabisa ndiyo mpangilio wa gari: mlalo wa tairi, springi, ugumu wa breki. Ukiwa umezigusa na hukumbuki ulichofanya, rudisha zote za kiwandani, pima, halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Mafuta yanaisha mzunguko mmoja kabla

Sababu ya kwanza ni hesabu ya mbio za muda. Saa ikifika sifuri mbio haziishi. Lazima umalize mzunguko ulio ndani yake. Ukiwa sekunde tano mbele ya saa unapopita mstari, una mzunguko mzima mwingine, na Le Mans mzunguko huo ni kilomita 13.626. Weka akiba ya mzunguko mmoja siku zote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kimbia mizunguko miwili ya kawaida, andika mafuta yaliyotumika, gawanya kwa mbili. Tenki la 100, ulaji wa 9 kwa mzunguko: mizunguko 11 inabaki 1. Hiyo 1 haifiki popote, kwa hiyo ingia piti, yaani mahali pa kuongeza mafuta na kubadilisha tairi, kwenye wa 11, usijaribu wa 12. Andika kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya TV. Saa ya nne kichwa hakihesabu vizuri.

Ukiona hesabu inakukosa kidogo, zipo njia za kubana. Gran Turismo 7 ina ramani ya mafuta kutoka 1 hadi 6: ya 1 ina nguvu zote, ya 6 inabana kuliko zote. Kabla ya kuigusa, jaribu kubadilisha gia mapema, kwenye robo tatu ya mzunguko wa injini, na kuachia mafuta kidogo kabla ya kufunga breki mwishoni mwa barabara ndefu. Kukaa nyuma ya gari jingine kwenye upepo wake nako kunapunguza ulaji. Watu wengi wanaruka moja kwa moja ramani ya 6 wakati kuachia mapema kungetosha na kusingewagharimu kasi kiasi hicho.

Kosa la upande wa pili ni kujaza tenki mpaka juu kwenye kituo cha mwisho. Kila lita usiyoihitaji umeilipia sekunde umesimama, na umeibeba ikikuzidishia uzito.

Wapo pia wanaopitiliza mlango wa piti. Kwenye kiwanja kifupi utarudi baada ya dakika moja na nusu. Nordschleife, kiwanja kirefu cha Nürburgring, ina kilomita 20.832, kwa hiyo ukipitiliza na tenki tupu, mbio zimeishia msituni. Siku ya mazoezi ingia piti mara tatu bila sababu nyingine ila kuujua mlango.

Mvua inakuharibia

Waliozaliwa Tukuyu wanajua kwamba barabara haikauki kwa sababu tu mvua imekata. Gemu mpya zinafuata hivyohivyo: njia inayopitwa na magari hukauka kwanza, pembeni panabaki pamelowa. Gran Turismo 7 ina rada ya mvua kwenye skrini ndogo, itazame kila mzunguko. Ukibadilisha tairi kwa matone ya kwanza, mara nyingi umewahi mno. Ukisubiri mpaka gari linateleza kwenye barabara iliyonyooka, umechelewa. Barabara ikianza kukauka na wewe una tairi za mvua, pita kwenye sehemu zilizolowa ili kuzipoza.

Umemaliza lakini matokeo hayakuhifadhiwa

Gran Turismo 7 inahitaji intaneti ili kuhifadhi maendeleo yako, hata ukishindana na kompyuta peke yako. Sababu zinakuja kwa mfuatano huu: bando limeisha, simu inayogawa intaneti imepigwa na data ikakatika, simu imejizima hotspoti ili kutunza betri, simu nyingine iliyounganishwa imeanza kupakua masasisho. Tiba ya yote ni simu moja kwa ajili ya kazi hiyo, iwe kwenye chaji, kupigiwa kumezuiwa, salio la bando limekaguliwa, na masasisho ya gemu yamepakuliwa jana yake.

Ikiwa kwako kila kitu ni kizima, huenda tatizo ni la seva. Machi 2022 seva za gemu hiyo zilizimika zaidi ya saa 30, na hakuna mchezaji aliyeweza kufanya lolote. Usifute gemu ukaipakua upya kwa hasira; utachoma bando la wiki bila faida.

Gari linavuta upande, pedi inakatika

Pedi ikikatika, ni betri. Cheza ikiwa kwenye waya tangu mwanzo: waya wa maikro kwa PS4, wa aina ya C kwa PS5, na uwe waya unaopitisha data, maana nyaya za bei rahisi nyingi zinachaji tu.

Gari likivuta upande mmoja kwenye barabara iliyonyooka, kwanza hakikisha halijagongwa, kwani gemu nyingi zina uharibifu na matengenezo hufanyika piti. Kisha achia kijiti kabisa ukitazama skrini. Kama usukani unajigeuza, kijiti kimechoka au kina vumbi. Ongeza eneo la kutoitikia kwenye mipangilio. Hilo litakuvusha mbio moja. Kubadilisha kijiti kunataka kuchomelea risasi, mpe fundi.

Wenye usukani: uwashe bila kuushika, uache ujizungushe na kujipima. Wengi wanaouona umepinda waliushika wakati huo.

Mizunguko inakuwa mibovu baada ya saa mbili, mikono inauma, kichwa kinauma

Le Mans ya kweli dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6, na hao ni watu waliofanyia mwili mazoezi. Wewe unakaa kwenye stuli. Tafuta mwenzako mgawane, na pedi ibadilishane mikono piti gari likiwa limesimama, si kwenye barabara ndefu huku mkiambiana "shika, shika". Ukiwa peke yako na gemu yako ni Gran Turismo 4, hali ya B-Spec inamwachia dereva wa kompyuta usukani wakati unalala.

Mikono ikiuma, legeza vidole. Wengi wanabana kitufe cha mafuta kana kwamba nguvu zaidi itaongeza kasi. Vidole vikifa ganzi na ganzi ikabaki hadi kesho yake, acha gemu uende kwa daktari. Mtu akikakamaa, akitetemeka au akipotewa na fahamu mbele ya skrini inayomulika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kitu mdomoni, mpeleke hospitali. Huyo asirudi kwenye gemu mpaka daktari aseme.

Kichwa mara nyingi kinauma kwa kukaa karibu na TV, kutokunywa maji na kukosa usingizi. Lakini huku kwetu kuna sababu nyingine, na nimeiona ikikaribia kuua. Juni na Julai, usiku wa baridi, vijana wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanaziba chini ya mlango kwa blanketi, wanaanza mbio za saa 12. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na mkaa uliokwisha kushika vizuri usio na moshi bado unaitoa. Dalili zake zinafanana na uchovu wa mbio: kichwa kizito, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, kukosa kona ulizokuwa unazipiga vizuri. Ishara ya kuitofautisha ni kwamba wote mliomo chumbani mnajisikia vibaya kwa pamoja, na anayetoka nje anapata nafuu.

Jiko halikai ndani hata dakika kumi, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Genereta nayo ikae nje mbali na madirisha, maana moshi wake una hewa hiyohiyo. Vaa koti, jifunike blanketi miguuni, weka chai kwenye chupa.

Wawili wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja na jiko limo ndani, usimalize mzunguko wala usiguse kitufe cha kusimamisha. Toa watu wote nje kwanza, wanaosinzia uwavute, mlango uache wazi. Aliyezimia au anayeongea bila kueleweka apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama amezinduka na anasema yuko sawa, na mweleze daktari kwamba mlikuwa na mkaa chumbani.